Lori la Mnadani

Tofali la kwanza lilimpata Romani begani kabla mguu wake haujagusa ardhi. La pili likavunja kioo cha mlango nyuma yake.

"Mwizi! Gari la jeshi hilo, kaliiba! Kamuua mlinzi!"

Aliyepiga kelele alikuwa mwanamume wa kofia nyekundu, juu ya pikipiki. Ndiye aliyelipita lori kwa kasi kwenye njia ya Kitunda, akakatiza mbele yake, akamlazimisha Romani kufunga breki. Romani alikuwa ameteremka akidhani amemgonga mtu.

"Jamani, nimelinunua! Nimetoka mnadani Gongo la Mboto sasa hivi!"

Nani angemsikiliza? Lori lilikuwa la kijani cha jeshi, turubai limechanika, namba za zamani zimefutwa kwa rangi na za kiraia bado hazijafungwa. Na aliyeshuka kwenye usukani alikuwa mchonga vinyago mwenye kandambili, suruali imejaa vumbi la mpingo. Watu wakatoka kwenye vibanda vya chipsi, wakatoka gereji, wakatoka saluni. Mmoja alikuja na nondo.

Nondo ilimpiga gotini. Alipoinama, teke likampata mdomoni, akasikia meno yakiachia. Akajikunja chini ya bampa, mikono kichwani, mawe yakimshukia mgongoni. Mtu akamvuta mguu kumtoa nje. Mwingine akaita, "Leteni tairi! Petroli iko wapi?"

Romani alikuwa na miaka arobaini na sita. Kwa miaka tisa alikuwa akisubiri magogo ya mpingo yaje kutoka kusini na malori ya watu wengine, yakichelewa, yakifika yamepasuka. Asubuhi hiyo, dalali alipotaja jina lake, alimpigia simu mkewe Marietha. Alilia tu, na Marietha akaelewa. Sasa alimwona kwa macho ya moyo, kule Buza, ameshafagia uwanja ili lori lipate pa kulala. Akajua hatafika. Harufu ya petroli ilimjia puani.

"Mume wangu! Mnaniulia mume wangu!"

Mwili mzito ulimwangukia. Alikuwa mwanamke wa dera la njano, ambaye Romani hakuwahi kumwona maishani mwake. Alimlalia kabisa, kama kuku anavyowafunika vifaranga. Jiwe lililokuwa hewani likampata yeye ubavuni. Akaguna, lakini hakuondoka.

"Tumelinunua kwa haki! Karatasi hizi hapa!" Akaingiza mkono mfukoni mwa shati la Romani, akatoa bahasha, akaiinua juu. "Anayejua kusoma aje asome! Mkishamchoma, mtanirudishia?"

Mikono ikasita. Fundi mmoja mtu mzima akatoka katikati ya watu, akafuta grisi vidoleni, akaifungua ile bahasha. Alisoma polepole, midomo ikimcheza.

"Kweli," akasema. "La mnada hili. Muhuri huu hapa. Jamani, mtu wa watu huyu!"

Wa kwanza kudondosha jiwe alikuwa yule wa kofia nyekundu.

"Dah, tumekosea, wazee. Tumsaidieni basi."

Akamshika Romani miguu yeye mwenyewe, wengine mabega, wakampandisha kwenye lori. Mwanamke akairudisha bahasha, ila kifuani mwake, akakaa kwenye usukani. Akakanyaga klachi, akatia gia mara moja, bila kuitafuta. Umati ukamfungulia njia. Baadhi walikuwa wameinamisha vichwa.

Romani aliegemea mlango usio na kioo. Jicho moja lilikuwa limefumba.

"Dada," alisema kwa shida, "wewe nani?"

"Usiongee, kaka. Damu itakuingia kooni."

"Umeniokoa. Mungu akulipe."

"Ananilipaga," alijibu, macho barabarani.

Kwenye zahanati alimkokota hadi mlangoni akiwa amemkamata kwapani, dera lake lote limelowa damu. "Mume wangu huyu, sista," alimwambia muuguzi. "Wamemdhania mwizi. Mshikilie, nikaliegeshe gari, limeziba geti."

Muuguzi huyo, Tusajigwe, alimwita mwenzake, wakamlaza. Walimshona nyusi, wakamfunga goti, wakamtundikia dripu. Simu ya Romani ilikuwa imesagika mfukoni, hivyo akaazima ya mgonjwa wa kitanda cha pili, akampigia Marietha.

Marietha alifika na bodaboda, khanga imemkaa upande. Alipouona uso wa mumewe alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nipo," Romani alisema. "Nipo, mama. Usilie. Kuna mwanamke ameniokoa. Walikuwa na petroli tayari, Marietha. Akanilalia. Jiwe langu limempata yeye."

"Jina lake nani?"

"Sijui hata jina. Yuko nje, kaenda kuegesha lori. Kamwite nimshike mkono. Mpingo wa kwanza nitakaoubeba na lori lile, namchongea yeye. Kinyago cha kimo chake."

Marietha akafuta machozi kwa pindo la khanga, akainuka aende. Tusajigwe alikuwa kando ya kitanda akikata bandeji. Akainua uso.

"Samahani, mama. Wewe ni nani yake?"

"Mkewe."

Mkasi ukasimama.

"Yule aliyemleta alisema yeye ndiye mkewe," Tusajigwe alisema taratibu. "Na wiki iliyopita alituletea dereva wa fuso, kapigwa mawe hivi hivi. Huyo naye, mwanamke yule alisema ni mumewe. Na fuso lake halijaonekana hadi leo."