Wembe wa Mzamilu

Siku hizi mfungwa hatoki gerezani bila wembe wake. Anapewa siku anayoingia, ni wake peke yake, na ukishikwa unataja jina la kila mtu ambaye damu yake imewahi kuugusa. Serikali ilichoka na nyembe za kuazimana na virusi vya UKIMWI vinavyopita humo.

Mzamilu, mume wa Bi Riziki, katoka Ijumaa, na mtaa mzima tulikuwa kwake. Pilau linanukia mpaka barabarani. Desturi ni mke amnyoe mumewe mbele ya watu: wembe unataja jina moja, tunapiga vigelegele.

Bi Riziki akaushika. "Mzamilu Sefu," ukasema wembe. Vigelegele! Changu kilikuwa juu kuliko vyote.

"Chande Mkomwa," ukaongeza.



"Chande ndiye nani, baba?" akauliza Bi Riziki.

"Mwenzangu wa selo. Wembe wake ulivunjika, na binti yake alikuwa anakuja kumtazama. Ningemwacha na ndevu kama beberu?"

Tulicheka mpaka machozi, na Bi Riziki naye. "Huruma yako itakuua, mwanamume wewe! Jumatatu tunakwenda kupima. Ukikutwa navyo, dawa zipo. Haya, kaa."

Akamnyoa taratibu hadi kidevu kikang'aa. Kisha akaufuta wembe kwa khanga, huku anacheka bado, na kidole kikateleza.

Tulikuwa tunagombania ukoko wakati wembe, kwa adabu ile ile, ulipotaja majina matatu.