Chupa ya Tatu

Bilali aliziba pua, akafumba macho, akainywa dawa yote bila kupumua. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Mkewe, Mwanajuma, alikipokea kikombe, akampa kipande cha nanasi cha kuondolea ladha, kama alivyofanya kila alfajiri.

"Mama Scola amesema chupa hii ya pili ikiisha, uende mwenyewe," alisema Mwanajuma. "Ana neno la kukuuliza kabla hajatoa ya tatu."

"Mimi? Niende Kiwangwa nikapange foleni na wanawake?"

"Mficha uchi hazai, mume wangu."

Bilali alimkata jicho. Yeye alikuwa dalali wa viwanja, anajulikana Mapinga nzima. Akionekana tu kwa mama wa mizizi, kesho yake habari iko kila kibaraza cha Bagamoyo. Nyumba yake haikuwa na hata kilio cha mtoto, na hakuna kitu alichokitaka duniani kama kilio hicho. Lakini alikitaka bila watu kujua kwamba kasoro ni yake.

Daktari mmoja wa Dar alikwisha kumwambia. Mbegu zipo, ila zimedhoofu kwa mawazo: kesi ya kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili, simu za matusi, usiku wa kukesha akihesabu boriti za paa. "Mwili ulioshikwa na hofu kila siku hauna nafasi ya kuzaa," alisema daktari. "Pumzika, zitarudi zenyewe." Bilali alitoka amenuna. Alifuata dawa, akapewa mahubiri.

Habari ya dawa aliipata Msata, akila chipsi na dereva wa lori aitwaye Wilbrodi.

"Kuna mama Kiwangwa, kaka, dawa yake ya uzazi haikosei. Mwanamume ndiye anayekunywa. Mimi ni shahidi, ninao saba. Kitinda mimba wangu yuko darasa la nne sasa."

Bilali alisikia saba tu. Wivu ulimkaba, hata chipsi zikamshinda.

Basi akamtuma mkewe, na masharti juu. "Usianze kueleza mambo ya chumbani kwetu. Sema unataka dawa ya uzazi, ya mume wako, basi. Akikuuliza zaidi, nyamaza." Mwanajuma, na haya zake, alikwenda na mtoto wa dada yake mgongoni, akasema hayo hayo, akarudi na chupa.

Na sasa huyo mama anamtaka yeye mwenyewe!

"Mwambie nimesafiri," Bilali aliamuru. "Mwambie nimeridhika, atoe dawa, aache maswali."

Mwanajuma akapeleka salamu. Chupa ya tatu ikaja, na nyingine nyuma yake. Wakati huo kesi ya kiwanja ikaisha, simu zikapoa, Bilali akawa analala mpaka anakoroma. Mashavu yakamjaa. Alijitazama kwenye kioo, akaona mwanamume aliyepona. Aliyebaki na kasoro, basi, ni nani?

"Mimi nimejitibu, wewe je?" alimuuliza Mwanajuma siku moja, naye yuko jikoni anakamua tui. "Jembe ni zima. Ubovu ni wa shamba."

Mwanajuma aliyekwenda Kiwangwa na kurudi, jua na mvua, ili kumfichia mume aibu, alipewa talaka yake siku hiyo hiyo. Mlangoni, sanduku la nguo mkononi, alisema neno moja tu: "Chupa zako ziko chini ya kitanda. Usisahau kuzitikisa kwanza."

Mtu mwenye roho angelia. Bilali alikwenda kuposa.

Shufaa, mke mpya, alikuwa binti mbichi, mcheshi, anatoka katika nyumba ya watoto kumi. Bilali akazimaliza chupa zake kwa siri, akingoja. Alimnunulia hata kitanda cha mtoto, akakiweka chumba cha pili. Kitanda kikaanza kushika vumbi. Shufaa akaacha kucheka. Dawa nayo ikaisha, na wa kumtuma hayupo.

Ndipo akaenda mwenyewe, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi.

Kibao kilikuwa njiani: DAWA YA MINYOO. DAWA YA JINO. DAWA YA UZAZI. Nyuma yake mama mmoja mnene alikuwa anapalilia mananasi. Alimwona, akainuka, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mume wa Mwanajuma, wa Bagamoyo. Nilikuwa mume wake."

"Marahaba, baba. Yule wa mtoto mgongoni! Wewe nimekungoja sana. Kuna nini?"

"Nimekuja kulalamika. Dawa yako nimekunywa chupa kwa chupa, sijaruka hata asubuhi moja. Sasa nina mke mwingine, msichana mdogo kabisa..."

Mama Scola alishika kifua. "Ameshika mimba?"

"Hata dalili! Si yeye, si Mwanajuma!"

Mama Scola alishusha pumzi ndefu, kisha akacheka kwa raha.

"Baba wee, umenitisha bure! Nikadhani dawa yangu imeanza kukosea." Alimpiga begani kwa upole, mkono bado una udongo. "Neno langu lilikuwa hilo tu, nilitaka nilisikie kwa kinywa chako: kama watoto mlionao wanatosha, maana anayekunywa chupa ya tatu hazai tena mpaka anaingia kaburini. Mkeo akaniletea salamu zako, kwamba umeridhika."