Waya wa Zahoro

Picha ilikatika mpira ukiwa bado hewani, na Maulida akaanza kutafuta kanga yake ya msibani.

Hakuigusa televisheni. Mtaani kwao Hamugembe, mjini Bukoba, hakuna aliyeigusa televisheni picha ikikatika namna ile, yote kwa mkupuo, bila chenga. Chenga zilimaanisha mvua. Giza lilimaanisha mtu.

Ndivyo ilivyokuwa tangu Zahoro alipoweka dishi la kwanza juu ya bati lake, huko juu kilimani, na kuvuta waya hadi kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, ukiingia chini ya paa la nyumba moja na kutokea kwenda nyingine, mpaka kwa Maulida, nyumba ya mwisho bondeni. Baadaye kampuni kubwa ikaja. Ilianzia Ulaya, ilikuwa na waya katika nchi ambazo Zahoro hakuweza kuzitaja vizuri, na ilikuwa imekua kwa kuwanunua watu kama yeye. Ilinunua dishi, ikabandika kibao, ikaahidi kila nyumba waya wake na huduma mpaka Muleba. Kibao kilibaki. Waya ukabaki ule ule.

Nyumba ikifiwa, kabla hata maji ya kumwoshea maiti hayajatengwa, mtu alichomoa waya ukutani, kwa sababu televisheni haiwaki penye msiba. Na kwa kuwa waya ulipita nyumba hadi nyumba, wote waliokuwa chini ya nyumba ile walibaki gizani, wakajua, wakapanda kuitafuta. Meneja wa kampuni alisafiri kutoka Dar es Salaam kuja kukataza jambo hilo. Wateja wanalipia picha, alisema, na akasubiri wateja walalamike. Hakuna aliyelalamika. Ilikuwa miaka ya UKIMWI, ugonjwa ambao wazee bado waliuita Juliana, na wiki nyingine waya ulichomolewa nyumba hii kabla haujarudishwa nyumba ile.

Maulida alifunga kanga kiunoni. Huko juu alikuwa na kaka yake, Ayubu. Vita vya Uganda vilikuwa vimemrudisha mzima, na kwa muda mrefu Maulida aliamini kwamba mtu aliyerudishwa na vita harudiwi tena na mauti. Sasa Ayubu alikuwa mifupa na macho. Tangu mkewe Shamsia azikwe, aliishi peke yake, Maulida akimpikia na kumfulia. Hakuna mwingine aliyeingia mle. Watu walimsimamisha Maulida barabarani, wakamuulizia mgonjwa, wakamtuma salamu, wakaenda zao. Salamu zile alizifikisha zote, na nyingine aliziongeza mwenyewe.

Asubuhi ile Ayubu alikuwa ameuliza tena kama rafiki yake Omary bado ni mwongo kama zamani. Kisha akamwambia dada yake aende kupumzika, asirudi mpaka kesho.

"Uso wako umenichosha," alisema, akitabasamu. "Kila siku wewe tu."

Maulida alikuwa amecheka. Sasa alipokuwa akipanda njia, aliyaona maneno yale kuwa ndiyo kwaheri yake. Aliomba Mungu, akaona aibu kwa alichokiomba: iwe nyumba nyingine yoyote.

Benigna, jirani aliyeolewa pale kutoka Muleba, alikuwa tayari mlangoni na mzigo wa kuni kichwani.

"Si kwangu, mwenzangu," alisema. "Wangu nimewagusa wote, mmoja mmoja."

Maulida alimshukuru Mungu kwa mdomo, moyo ukazidi kuzama. Nyumba moja ilikuwa imepungua.

Iliyofuata haikuwa yenyewe, wala iliyofuata hiyo. Kila walipopita, watu walitoka na mkungu wa ndizi, na debe la maji, na mkeka, wakaungana nyuma. Hawakuulizana mengi. Kila mlango uliotoa watu walio hai wote ulimsogeza Maulida karibu na ule asioutaka.

Wakafika kwa Omary. Huyu ndiye aliyemwambia meneja wa kampuni, mbele za watu, kwamba picha zao za Ulaya ni nzuri ila watu wake hawana ndizi ndiyo maana wamenuna. Leo hakuwa na utani. Alitoka na jembe begani, akatikisa kichwa kwamba si kwake. Halafu akatazama juu, na jembe likamshuka begani taratibu.

Zilibaki nyumba mbili, ya Ayubu na ya Zahoro mwenye dishi. Zahoro alikuwa amesimama uani kwake, akiwatazama wakipanda. Maulida alimuuliza kwa sauti kama ni kwake, na kila mtu alisikia jinsi alivyotamani jibu liwe ndiyo. Nyuma yake, dirishani, mtangazaji alikuwa akishangilia bao.

"Kwangu inaonyesha," alisema.

Maulida hakukumbuka baadaye jinsi alivyoufikia mlango wa kaka yake. Alikumbuka kilio chake, na vilio vilivyopokea nyuma yake, na watu ambao hawakuwa wamevuka kizingiti kile tangu maziko ya Shamsia wakisukumana kukivuka. Omary alikuwa akilia kwa kwikwi, akisema rafiki yangu, rafiki yangu. Waliijaza sebule, wakajaa barazani. Uani, wanawake walishaanza kupanga mafiga.

Ayubu alikuwa ameketi mkekani katika kanzu safi, mgongo wake umeegemezwa ukutani. Ncha ya waya ilikuwa mkononi mwake. Mbele yake alikuwa ameweka kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama wawekewavyo wageni.

"Karibuni," alisema. "Sikuona njia nyingine ya kuwaita."