Sindano Kumi za Mwalimu Damian

Lori la kahawa lilikwisha toka Kanazi, linapanda kilima chenye utelezi polepole, na Mwalimu Damian anatembea kando yake ameshika ubao wa ubavuni mwa lori ili asiachwe na mke wake. Joviana alikuwa juu ya magunia, mimba ya miezi minane, anakwenda kujifungulia kwa mama yake Muleba. Watatu waliotangulia walizaliwa wamekufa, wakazikwa nyuma ya nyumba kwenye migomba. Mama huyo alisema huyu wa nne hazaliwi pale.

Safari hii walikuwa na tumaini. Muharami, mganga wa zahanati ya mjini Bukoba, aliwaambia ugonjwa wenyewe: kaswende, na wanayo wote wawili. Sindano kumi kila mtu, moja kwa juma; wanawake Jumatano, wanaume Jumamosi. Wakishamaliza wote, ndipo walale pamoja. Basi, zikaisha. Mimba ikaingia.

"Mwalimu," Joviana aliita, "hukuogopa wazazi wa wanafunzi kukuona kwenye foleni ile?"

"Hakuna aliyeniona."

Kashaija, mdogo wake Damian, aliyekaa naye juu ya magunia kumsindikiza, akacheka. "Sindano ya Muharami, shemeji, ni nene kama ya kushonea magunia haya!"

"Wewe umeionea wapi?"

"Si nilikuwa namsindikiza kaka."

Joviana naye akacheka, kisha akashika tumbo. "Muharami anaomba saa moja tu awafundishe ugonjwa huu wale wakubwa wa darasa la nne. Kamati ya shule imemjibuje?"

"Imekataa. Wanasema atawafundisha watoto uchafu."

"Na wewe unayejua, ukasemaje?"

"Ningesemaje, mama? Wangeniuliza nimeyajulia wapi."

"Mimi nilizika watatu ndipo nikaambiwa. Hao watazika wangapi?"

Lori lilifika juu, likapata nguvu. Damian akakimbia nalo hatua chache, halafu akauachia ubao.

Mtoto alizaliwa Muleba mwezi wa Novemba, 1938, amekufa kama wenzake. Joviana hakurudi Kanazi. Alilima kwa mama yake mpaka kufa, watu wakimwita mwenye mkosi. Muharami aliwaza akachoka, akasema labda dawa ilikuwa mbovu, mwisho akahamishiwa Biharamulo. Somo lake halikufundishwa. Damian akapofuka macho, akaacha ualimu. Kashaija alizeeka akiwa mzima kabisa, yeye ambaye Jumamosi zote kumi alikwenda mjini kuchomwa kwa jina la kaka yake, maana wote wawili waliamini kwamba damu ya ndugu wa tumbo moja ni moja.