Ametoka, Amebebwa

Wiki ya tatu hiyo karani Salumu alikuwa akililalia daftari la gereza badala ya mto, na shingo ilikuwa imekakamaa kiasi kwamba hata kwenye sala, salamu ya kulia aliitoa nusu.

Daftari lenyewe halikuwa na uzuri wowote. Jalada limeliwa na mende, kurasa zinanuka samli. Lakini ndani yake mlikuwa na neno moja ambalo jemadari wa askari alitaka lichomwe moto kabla halijaonwa na watu wa Sultani kutoka Unguja.

Neno hilo aliliandika Salumu mwenyewe. Mwaka ule, kabla Wadachi hawajashuka pwani, mkulima mmoja wa Fukayosi aitwaye Haji alifungwa kwa kumficha mtumwa mtoro, kosa la kupelekwa Unguja na minyororo, na waliopelekwa hawakuwa wakirudi. Haji hakufika huko. Jemadari alitaka amtaje mtoro alipo, naye akakataa, na fimbo zikasikika mpaka sokoni. Alfajiri yake Salumu akawaona askari wanatoka naye amezungushiwa mkeka, mkono mmoja unaburuzika chini. Wakaelekea kwenye mikoko, wakarudi na mkeka mtupu.

Jemadari, ambaye hakujua alifu wala be, akamwamuru karani aandike kwamba mfungwa ameachiliwa. Kwa desturi ya gereza lile, aliyeachiliwa huandikiwa neno moja tu: ametoka. Salumu akaliandika. Kisha akaongeza la pili: amebebwa.

Si kwamba alikuwa shujaa. Alikuwa amechoka. Alikwisha kuandika homa kwa watu waliokufa kwa fimbo, akaandika kuhara kwa watu waliokufa kwa njaa, na sasa, mvi zimemjaa, alitaka walau mstari mmoja wa kweli autangulize mbele ya Mola wake. Mtu mmoja akamsomea jemadari neno lile, na tangu hapo daftari likawa mto.

Mke wa Haji, Kibibi, mama yake Mina, alifika kwa Salumu mara moja tu. Alikuwa amehamia kwa shangazi yake huko Dunda, na mkononi alikuwa na fungu la mizizi ya manjano kutoka sokoni. Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Baba, mtu akishaandikwa ametoka, anaweza kukamatwa tena kwa kosa lile lile?"

"Aliyetoka ametoka, mwanangu. Kosa lake limekwisha hapo."

Salumu akamhurumia, akaona majonzi yamemchanganya. Ili kumtuliza akamweleza lile neno la pili. Akamwambia mjumbe wa kutoka Unguja yu njiani, ataliona, na jemadari atajibu. Naye Kibibi atajulikana kuwa mjane, atakaa eda yake kwa heshima. Kibibi alimtazama kama aliyepewa habari mbaya. Akauliza kama neno lile haliwezi kufutwa. Salumu akajua wamekwisha kumtisha, akazidi kulikumbatia daftari.

Mjumbe akaja, mtu wa makamo, macho mekundu kwa homa ya safari. Akaketi barazani, akausoma mstari ule mara mbili, akamwuliza jemadari ni vipi mtu aliyeachiwa huru atoke gerezani amebebwa. Jemadari akasema mfungwa alikuwa mgonjwa. Akaulizwa alipelekwa wapi. Hapo jasho likamtoka, na Salumu, Mungu amsamehe, alilifurahia lile jasho.

"Damu ina mwenyewe," mjumbe akasema. "Aitwe mkewe. Akidai, minyororo ya Haji utaivaa wewe."

Kibibi akaja amejifunga kisutu chekundu, wanja machoni. Salumu hakupenda kumwona hivyo, haikuwa sura ya mfiwa. Akajisemea huenda anangoja neno la kadhi. Mjumbe akamwuliza mumewe aliondokaje gerezani.

"Ametoka kwa miguu yake," Kibibi akasema. "Nimempokea mimi mwenyewe. Amekwenda Uzigua kwa nduguze. Sina dai na mtu."

Aliyeshtuka kuliko wote ni jemadari. Alimkodolea macho yule mwanamke, kisha akajifuta jasho.

Mjumbe akashusha pumzi. Alikuwa amevuka bahari na homa yake kwa ajili ya neno moja, na neno lenyewe halina mwenyewe. Akamsukumia Salumu daftari na kalamu, akamwamuru alifute, kisha amkabidhi funguo karani mwingine, maana gereza haliwekwi mikononi mwa mtu anayeandika asiyoulizwa. Salumu akachovya wino, akalifuta kwa mkono wake. Pakabaki ametoka, peke yake, safi kabisa.

Nje ya lango akamkuta Kibibi anamngoja. Akamkabili kwa hasira.

"Wamekupa nini, mwanangu?"

"Nilichokitaka, baba."

Akainama kumbusu mkono. Salumu akauvuta mkono wake, akaenda zake bila kuaga. Dua la kuku halimpati mwewe, hilo alilijua siku zote. Ila hakujua kama kuku naye angemtetea mwewe. Aliona heri asingeandika kitu.

Kibibi akarudi Dunda polepole, akajibu salamu za majirani, akaingia ndani na kutia komeo. Akapita ukumbini mpaka chumba cha uani, ambamo shangazi alikuwa akimpepea mtu aliyeokotwa kwenye mikoko akingali hai, amelazwa chali, miguu yote miwili imepakwa manjano na kufungwa kwa vipande vya mianzi.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwinua kichwa, akamnywesha uji kidogo kidogo.

"Umetoka, baba Mina," akamwambia.