Mita ya Zamda

Tangu kila nyumba ianze kujichagulia kampuni ya umeme, sebuleni kwangu tumebaki mimi na feni. Zamani wanawake wa mtaa mzima walijazana kwangu kila alasiri, tukisukana nywele na kutazama tamthilia. Sasa wako kwa jirani yangu Zamda, kwa sababu kampuni yake inampa umeme wa bure na kiyoyozi kinapuliza mpaka magharibi. Wanachotaka kwake ni kimoja tu: mita isikilize mazungumzo ya sebuleni.

"Inasikiliza tu, shoga, haijibu," Zamda aliniambia, huku akiniwekea kigoda mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. "Na wewe na hiyo kampuni yako ya kulipia, si uhame?"

Roho iliniuma. Kesho yake nikampigia wakala wa kampuni ile, nikamwomba na mimi anifungie mita kama ya Zamda.

"Mama, mtaa wenu tunausikia wote kule kwa mwenzio," akanijibu kwa upole. "Nyumba ya pili ya nini? Labda kama una mambo ambayo pale hayasemwi."

Nikamwambia yapo.

Mita wameifunga leo asubuhi. Wanawake bado hawajaja, lakini kiyoyozi kinapuliza vizuri. Nimemimina chai, nimevuta kiti karibu na ukuta, na nimeanza na ndoa ya kwanza ya Zamda, ile ambayo mumewe wa sasa haijui.