Jina la Anka

Mahfoudha alikuwa ameshazika watoto wawili, wote wachanga. Kwa hivyo siku ya akika ya huyu wa tatu, nyumbani kwao Likoni, alipoulizwa jina la mtoto alijibu bila kusita.

"Anka."

Baba mkwe wake, mwalimu wa madrasa, alitabasamu kidogo. "Huyo ni ndege wa hadithi za kale. Jina lake latokana na neno la Kiarabu la shingo. Maana yake, mwenye shingo ndefu."

"Na ndiye aliyekuwa akinyakua watoto wa watu!" alidakia mavyaa wake. "Mwanangu, hao wawili hawakutosha?"

Mahfoudha alimwinamia mtoto, akampangusa poda iliyogandamana kwa jasho katika mikunjo ya shingo. Hapo palikuwa na mshipa mwembamba ukipiga mbio mbio. Aliuwekea kidole mpaka akaridhika.

"Baba," alisema, "kuna aliyewahi kumwona ndege huyo?"

"Wallahi, hakuna. Jina lake lajulikana, lakini mwili wake haujaonwa na mtu."

"Basi ndilo nilitakalo. Wale wawili niliwapa majina mazuri, wakaonwa upesi na mauti. Huyu na atafutwe, asionekane."

Mavyaa wake alijifuta macho kwa ncha ya leso, akanyoosha mikono apewe mjukuu. Alimwinamia sikioni, akamwita jina lake kwa sauti ndogo mno, hata aliyekaa ubavuni pake hakusikia.